Kufuli la Jumapili

Katika miaka kumi na saba ya ndoa, Dirlene alimdanganya mumewe mara moja tu, na uongo wenyewe ulikuwa wa kumpeleka baharini.

"Bei ya kutupa," alimwambia. "Siku mbili, gari moja, sisi sote ndani yake. Reali mia na ishirini, na maji ya kuoga yamo humo humo."

Adelmo alikuwa chali chini ya kombi, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa kombi hiyo ilibeba kabichi na ndizi kwenda magulioni. Jumapili, kwa miezi minane sasa, alikuwa akiigeuza nyumba: kitanda cha mbao za kabati lililovunjika, mapazia aliyoyashona Dirlene, jiko la gesi la moto mmoja, ndoo ya kunawia. Majirani wa mtaa wao, Guaianases, walimtania kwamba atafika pwani siku bahari itakapokauka.

"Mia na ishirini?" sauti ilitoka uvunguni. "Mwanamke, kule pwani kwa mia na ishirini hupati hata kivuli cha mwavuli."

"Ni kabla ya msimu. Ikifika Desemba wanapandisha."

"Na dada yako?"

"Cleide lazima aje."

Alilitamka hilo haraka mno, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Lakini Adelmo alikuwa ameshaanza kupiga mluzi.

Wiki mbili nyuma, binti yao Tainara, wa miaka kumi na minne, alikuwa akimwonyesha mama yake kwenye simu matangazo ya kambi za bei nafuu. Katika mojawapo alitokea mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya ukindu, tumbo mbele, akiwakaribisha watu kwenye Kambi ya Mjomba Miro, pwani ya Tapera, "ambako kila familia ni familia yangu." Alizunguka akionyesha vyoo, jiko la pamoja, stoo ya vinywaji yenye mlango wa chuma. Na kila alipopiga hatua, alipigisha rundo la funguo kwenye paja lake. Cha, cha, cha. Ndevu zilikuwa mpya, tumbo lilikuwa jipya, na jina lilikuwa limekatwa nusu. Mlio ule, hata hivyo, Dirlene aliujua. Alikuwa ameshona chini yake miaka minne.

Zamani hizo Mjomba Miro aliitwa Bwana Valdomiro Peçanha, mwenye karakana ya nguo ghorofa ya pili katika mtaa wa Brás. Asubuhi moja ya Agosti nyaya za umeme zilishika moto, na mlango ulikuwa umetiwa ufunguo, kama ulivyotiwa kila siku ili mafundi wasipoteze muda chooni. Siku hiyo Dirlene alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Cleide, dada yake, nyapara wa mstari wa kwanza wa cherehani, alikuwa ndani. Zimamoto waliandika kwamba zilipita dakika kumi na tisa tangu mayowe ya kwanza mpaka mlango ulipovunjwa. Wanawake wanne walikufa. Cleide alitoka hai, lakini alikuwa ameng'ang'ania chuma cha moto cha ule mlango kwa mikono mitupu, na mikono ikabaki ilivyobaki: vidole viwili vya kulia vimegandana, ngozi inang'aa kama nta iliyoyeyuka ikaganda tena.

Hayo labda Dirlene angeyameza. Kilichomkaa kooni ni yale ya mahakamani. Bwana Valdomiro alivaa tai, akaapa, akasema kwa sauti ya msiba kwamba ufunguo hakuwa nao yeye. Alimwachia nyapara, na nyapara ndiye aliyefunga kwa ndani ili wenzake wasifumaniwe wakivuta sigara. Kesi ikafa kwa kukosa ushahidi. Bima ikamlipa. Na tangu hapo, miaka sita, mama yake Jucimara, mmoja wa wale wanne, akimwona Cleide sokoni huvuka barabara.

Basi Dirlene alikwenda dukani akachagua kufuli kubwa kuliko yote, akaliviringisha ndani ya taulo la mtoto, akalificha chini ya mfuko wa unga wa muhogo.

Waliteremka milima Jumamosi asubuhi. Caíque, kitinda mimba wa miaka saba, aliuliza kila walipopita dimbwi kama ile ndiyo bahari. Cleide alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia, kitambaa kibichi usoni, kwa maana kona za mlima zilimchafua tumbo. Kwa hiyo walipofika getini hakuona kitu.

"Karibuni, karibuni, familia yangu!" Mjomba Miro alipiga kofi ubavu wa kombi. "Hii mmeitoa wapi, makumbusho?"

Adelmo alicheka kwa moyo wote. "Ya tisini na nne, Mjomba. Inakunywa mafuta kidogo kuliko mimi ninavyokunywa kahawa."

Mzee aliingiza kichwa dirishani. Dirlene alishika ukingo wa kiti. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: mtu yule ashtuke, abadilike rangi, ageuze uso, hata awafukuze. Macho ya mzee yalimpitia usoni kama yanavyopitia nguzo ya umeme.

"Mko wangapi, mama? Watano? Haya. Mia na ishirini ni ya gari. Maji ya moto reali tano kwa kichwa. Kuchaji simu reali nne."

"Tangazo limesema maji yamo," Dirlene alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Yamo, mama, yamo. Ya moto ndiyo hayamo." Akacheka, akamgeukia Adelmo, mwanamume mwenzake. "Mkuu, utaegesha kule karibu na vyoo. Upande wa bahari nimewawekea wenye magari makubwa. Unaelewa, watu wamelipia mandhari. Sasa mtu afungue dirisha lake aone hii..."

"Hamna shida, Mjomba," Adelmo alisema, bado anatabasamu, ila masikio yamekuwa mekundu. "Karibu na choo ndiyo raha yenyewe. Usiku huendi mbali."

Cha, cha, cha, yule mzee akaenda zake. Dirlene aliuangalia mgongo wake mpaka ulipopotea. Siku zote alidhani mtu yule amejificha. Kumbe hakujificha. Alisahau tu.

Mchana ule watoto waliiona bahari. Caíque alisimama pale povu linapoishia, akakataa kusogea mbele wala kurudi nyuma, akauliza nani huizima usiku. Tainara, aliyekuwa ameapa kwamba hatalowesha nywele, alirudi ametota kama kuku. Adelmo alivua viatu, akavishika mkononi kama mtu aliyeingia kanisani, akatembea peke yake hadi mbali. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni chumvi.

"Mke wangu, asante," alimwambia. "Mimi nisingethubutu. Ningeendelea kugongagonga zile mbao mpaka nife."

Dirlene alimshika mkono. Lakini alikuwa amekaa ameipa bahari mgongo. Alikuwa akiitazama kambi. Aliona kwamba vinywaji vinapokwisha mezani mzee huenda stoo mwenyewe, hamtumi mtu. Hufungua, huingia na kufuli lake mkononi, hukaa mle dakika mbili tatu akihangaika na makreti, na komeo la nje hubaki likining'inia wazi. Stoo ilikuwa ya matofali, paa la bati, dirisha hakuna.

Cleide alikuja akakaa kando yake, shati la mikono mirefu katika joto lile. Hakwenda kwenye maji. Alichimba mchanga kwa kisigino, akasema, "Pazuri. Miaka mingapi sijakaa mahali bila kusikia gari."

Dirlene alitaka kumwambia pale pale. Akamenya yai, akampa.

Jioni, jua bado liko juu, Cleide alikwenda kuosha sufuria kwenye jiko la pamoja. Bi Nadir, mke wa mwenye kambi, alikuwa humo akikata samaki. Alikuwa mama mfupi mwenye maneno machache, aliyekuwa amempa Caíque kipande cha keki asubuhi bila kuombwa. Dirlene alifika mlangoni na sahani zilizobaki, akamkuta Mjomba Miro amesimama nyuma ya dada yake.

"Dada, samahani. Si mimi, ni wageni. Kuna mama mmoja ana watoto wadogo, anauliza kama huo ugonjwa wa mikono unaambukiza."

Cleide hakugeuka. Maji yaliendelea kumwagika juu ya sufuria. "Si ugonjwa," alisema.

"Sijasema ni ugonjwa. Nasema watu hula kwa macho kwanza. Kuna bomba kule nyuma ya vyoo, oshea huko. Au vaa glavu. Glavu ninazo, reali tatu."

"Miro!" Bi Nadir aliweka kisu chini.

"Nini? Hii ni biashara."

Akaondoka, funguo zikilia pajani. Cleide alibaki ameinamia sinki. Dirlene aliona mabega ya dada yake yakipanda taratibu, kama ya mtu anayesikia nyayo gizani. Kisha Cleide akafunga bomba, akakausha sufuria moja moja, ndani na nje, hata ile isiyokuwa imelowa. Akapita mlangoni bila kumtazama Dirlene usoni.

Ndani ya kombi Cleide alimngoja aingie, akafunga pazia.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Umenitia ndani ya gari kama gunia la vitunguu, ukanileta kwake, bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Mimi usingizi nimeupata mwaka jana, Dirlene. Mwaka jana! Unajua niliposikia zile funguo ilikuwaje? Miguu ilitaka kukimbia, na nikaikuta inasubiri ruhusa. Ruhusa yake! Na hakunijua. Amesimama karibu yangu, nasikia pumzi yake, hakunijua. Ulikuwa unataka nini? Umtemee mate? Umtukane?"

Dirlene alisogeza mfuko wa unga, akafungua taulo.

Cleide aliliangalia kufuli. Nje Caíque alikuwa akimweleza baba yake kwamba kaa hutembea upande kwa sababu ana haya.

"Stoo," Cleide alisema hatimaye. Kumbe naye alikuwa ameiona.

"Kesho mchana, watu wote wako mezani. Dakika kumi na tisa. Moto hakuna, moshi hakuna. Aonje tu."

Alidhani dada yake atalia. Cleide alilichukua kufuli kwa mikono miwili, kama alivyochukua kila kitu, akalibana likalia kwa nguvu, akaomba ufunguo, akalifungua. Akalibana tena.

"Glavu reali tatu," alisema. "Hebu niachie mimi hili."

Jumapili wageni wapatao arobaini walikaa kwenye meza ndefu chini ya paa la nyasi. Bi Nadir alikuwa amepika samaki na ndizi mbichi, masufuria mawili makubwa. Adelmo alinunua sahani mbili wagawane watu watano, akaongezea wali wao wenyewe na kuku wa jana, na mama mmoja wa upande wa magari makubwa akamnong'oneza mumewe jambo wakacheka. Mjomba Miro alikuwa akipita meza hadi meza, akiwapiga watu mabegani.

"Nani anataka bia baridi? Inueni mikono, familia!"

Mikono ikainuka. Mzee akaelekea stoo. Cleide aliinuka kama mtu anayekwenda kuomba chumvi, Dirlene nyuma yake.

Alikuwa ndani ameinamia makreti, anaimba puani. Cleide aliusukuma mlango kwa bega, akalaza komeo, akaingiza kufuli. Vile vidole vilivyogandana viliteleza. Dirlene alinyoosha mkono amsaidie, akapigwa kikumbo cha kiwiko. Mara ya pili likabana.

Cleide alitazama simu yake. "Saa sita na dakika ishirini na mbili," alisema.

Pigo la kwanza mlangoni lilikuwa la mzaha. "Eh! Nani huyo? Acheni utoto." La pili lilikuwa la ngumi. "Nani kafunga huu mlango?"

"Ufunguo uko wapi, Bwana Valdomiro?" Cleide aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ufunguo ninao mimi! Funguo zote ninazo mimi! Miaka thelathini sijamwachia mtu ufunguo wangu, hata mke wangu simwachii, sembuse mtu baki! Ni mpuuzi gani huyo? Fungua!"

Cleide alifumba macho. Kile ambacho wakili, zimamoto na hakimu hawakukipata, mtu yule alikuwa amekitema bure, kama ganda la karanga.

"Sema tena," Cleide alisema. "Sikukusikia."

Akasema tena, kwa kelele, na matusi juu yake. Safari hii watu walikuwa wameshaanza kusogea, uma mikononi. Tainara alikuwa mbele yao, simu ameinua.

"Na kule Brás? Asubuhi ile ya Agosti, nani alikuwa nao?"

Sauti ya ndani ikashuka: "Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule wa glavu. Naitwa Cleide Sarmento. Nilikuwa nyapara wako."

Mwenye gari kubwa kuliko yote, mwanamume mwenye miwani ya jua kichwani, alijitokeza. "Bibi, huu ni uhalifu! Kumfungia mtu! Mimi naita polisi."

"Ita," Cleide alisema. "Wakifika upesi kuliko zimamoto walivyotufikia sisi, nitawapigia makofi."

Adelmo alikuja mbio na mtaimbo wa kombi. "Mnafanya nini nyinyi? Kuna mtu humo!"

"Ni Valdomiro," Dirlene alimwambia.

Adelmo alisimama. Mwaka mzima alikuwa amempeleka Cleide hospitali kubadilishwa bendeji ndani ya kombi ile ile, katikati ya kabichi, akiendesha polepole kila penye tuta. Alimtazama mkewe, na Dirlene akaona mumewe akiuelewa uongo wote kwa mara moja, kuanzia mia na ishirini hadi mwisho. Akauteremsha mtaimbo. Hakuuweka chini, ila aliuteremsha.

Dakika ya nane sauti ilibadilika. "Jamani, kuna joto. Bati hili... Nina presha. Nyinyi wanawake, tuzungumze, kila jambo lina mazungumzo." Kisha akaanza kupiga mlango kwa viganja, paa, paa, paa, bila kupumzika. Dirlene aliziba masikio. Mara ngapi aliliwazia jambo hili, juu ya cherehani, kwenye foleni ya mkate, na mara zote mtu yule hakuwa na sauti. Hili la viganja hakuwa amelifikiria. Aliiona karakana. Aliona nani na nani walikuwa wakipiga hivyo hivyo.

"Dada, inatosha. Fungua."

"Bado kumi na moja."

"Ana presha, Cleide. Akifa je?"

"Kufuli nani alinunua?"

"Mimi, lakini—"

"Basi kaa kimya. Mtenda akitendewa huona ameonewa. Acha aone."

Watu walitoa njia. Bi Nadir alikuwa akija anajifuta mikono kwa aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alisimama mbele ya mlango, akaitazama mikono ya Cleide kwa muda mrefu, kisha akauegemeza uso wake karibu na chuma.

"Miro. Mimi uliniambia ni nyapara aliyefunga."

"Nadir! Nadir, mama, nifungulie kwanza."

"Nimekuuliza. Ufunguo ulikuwa nao?"

"Nifungulie, tutaongea sisi wawili—"

"Ulikuwa nao?"

Viganja viliacha kupiga. Kisha ikatoka sauti ambayo Dirlene hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayenung'unika. "Walikuwa wakitokatoka ovyo! Mmoja yuko chooni, mwingine yuko chooni! Mtu una oda ya suruali elfu mbili, utafanyaje? Nilishuka kuchukua uzi, nikafunga. Ningejuaje kwamba moto utawaka siku hiyo hiyo?"

Yule wa miwani alikuwa ameitia simu yake mfukoni. Mahali fulani uma ulianguka juu ya saruji.

Bi Nadir alimgeukia Cleide. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Saba."

"Haya."

Akasimama kando yake, akakunja mikono kifuani, wakangoja pamoja.

Ilipotimia, Cleide aliingiza ufunguo. Mzee alitoka mwekundu kama kaa aliyechemshwa, suruali imelowa mbele, kofia hana. Hakumtazama mtu. Wale aliowapiga mabegani nusu saa iliyopita walijibana kando asiwaguse. Alipompita Cleide alijikwaa, na Cleide akanyoosha mkono wake ule wa kulia, akamshika kiwiko asianguke. Hapo ndipo Valdomiro alipopiga ukelele.

Bi Nadir alirudi jikoni. Walisikia akizima majiko, moja baada ya jingine. Akatoka, akawaambia wageni, "Chakula kimekwisha." Masufuria yote mawili yalikuwa yamejaa zaidi ya nusu.

Walipanda mlima kurudi nyumbani. Caíque alilala juu ya mapaja ya Tainara. Cleide alikaa mbele safari hii, dirisha wazi, na wala hakutapika. Ilikuwa baada ya mahandaki mawili ndipo Adelmo alipofungua kinywa.

"Wanangu walikuwa pale."

"Najua," Dirlene alisema kutoka nyuma.

"Mimi nilidhani umetaka tuione bahari."

Hilo lilimchoma kuliko tusi lolote. "Ningekwambia, ungenikataza."

"Ningekukataza. Siku tatu, nne." Alibadilisha gia, kombi ikaguna. "Halafu ningekuja. Lakini ningekuja nikijua, Dirlene. Nisingetembea pale ufukweni nikikushukuru kama bwege."

Cleide alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha ghafla, akakifunika kwa mkono, kisha akauondoa mkono akacheka waziwazi, mpaka Adelmo naye midomo ikamcheza, bado amekasirika. Dirlene hakucheka. Alikuwa amekipata alichokifuata, na alikuwa amekikalia kama mtu aliyekalia jiwe. Alijua kwamba angekifuata tena.

Wiki ile Tainara alitaka kuiweka ile video mtandaoni. Cleide alikataa. Alimwomba aitume kwa mtu mmoja tu, mama yake Jucimara. Jumatatu jioni alama mbili zikageuka za buluu, ujumbe umefunguliwa. Jibu halikuja. Jumatano Cleide alikwenda sokoni kwa kusudi, akamwona yule mama kwenye meza ya maboga. Safari hii mama yule hakuvuka barabara.

Alhamisi asubuhi simu ya Dirlene ililia akiwa kwenye cherehani, namba asiyoijua.

"Ni Nadir," sauti ilisema. "Namba nimeitoa kwenye daftari la wageni. Usiogope, Miro hakwenda polisi. Aende akaseme nini?"

Dirlene aliondoa mguu kwenye pedali. "Sema, mama."

"Sikupigii kuomba msamaha. Huo ni wake, na hana. Nakupigia kuuliza. Walikuwa wanne, sivyo?"

"Wanne."

"Miaka sita nimekula pesa ya bima. Nimenunulia friji, nimenunulia masufuria. Na majina yao siyajui. Nimemuuliza yeye. Analijua moja, na hilo nalo nusu. Nina karatasi kubwa hapa. Nataka niibandike ukutani, mbele ya kiti anachokalia. Kila mlo atayasoma kwa sauti, yote manne, ndipo nimpakulie. Asiposoma, hali. Nitajie."

"Jucimara Teles," Dirlene alisema.

"Polepole, mwanangu. Mkono wangu mzito."

"Rosinalva Quirino. Ednéia Prado." Alisikia kalamu ikikwaruza. "Wara Mamani. Huyo alikuwa wa Bolivia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili."

Nyuma ya sauti ya Bi Nadir, mbali kidogo, mwanamume alikuwa akiita, mara ya kwanza kwa amri, mara ya pili kwa kuomba.

"Anaita kahawa yake," Bi Nadir alisema. "Mwache aite. Nitajie tena hilo la mwisho, herufi moja moja."